Anzeni jimboni: kubuni nchi na chaguzi katika historia mbadala ya kikundi

Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilichukua kiti cha Chake Chake, Pemba, kwa kura moja tu. Zanzibar nzima ikatoa matokeo haya: ASP viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Wajumbe wawili wa ZPPP wakaungana na ZNP, mmoja akaenda ASP, na Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 22 likagawanyika 11 kwa 11. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni, kiti cha 23 kikaongezwa, na katika ghasia za uchaguzi huo wakafa watu 68.

Kwa watu wanaobuni kwa pamoja historia mbadala, yaani dunia ambamo tukio moja lingekwenda vingine, ni vigumu kupata mahali pa kuanzia panapofaa kuliko kura ile. Tuseme mpiga kura mmoja wa Chake Chake angebadili nia. ASP inabaki na viti 9, upande wa ZNP na wale wawili wa ZPPP unafika 12, serikali inaundwa Januari na marudio ya Juni hayapo. Karafuu ni zile zile, Sultani ni yule yule, bei ya mchele ni ile ile. Njia panda (pale historia yenu inapoachana na ya kweli) ikiwa hivi, yaani ina tarehe, ni ndogo, na matokeo yake ya kwanza yanahesabika kwa kalamu, kikundi cha watu sita au wanane kinaweza kuifanyia kazi bila kugombana. Yule anayesema “tuseme Sultani angekuwa na jeshi la watu elfu ishirini” amebadili mambo kumi kwa mpigo. Nani aliwalipa? Walilala kambi gani? Waingereza walikubali vipi? Kila mwenzenu atajibu kivyake, na baada ya wiki mbili mtakuwa na dunia tatu zisizopatana.

Kwa hiyo andikeni njia panda katika sentensi mbili juu kabisa ya daftari kuu la kikundi. Chini yake andikeni orodha ya mambo ambayo hayajaguswa mpaka mtu alete sababu: sensa, mvua, mavuno, mipaka ya wilaya, sarafu. Wengi hawaandiki orodha hii ya pili, na ndiyo inayookoa kazi.

Nchi haianzi na bendera

Anayeleta nchi mpya huja na bendera, wimbo wa taifa na jina zuri. Mpokeeni, kisha mwombeni ukurasa mmoja wenye mambo matano: kodi inakusanywa wapi, maji na chakula vinatoka wapi, polisi wanalipwa na nani, nani ataitambua katika mwaka wa kwanza, na ofisi zipi zilikuwepo tayari siku ya uhuru.

Chukulieni Mwambao. Ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, ukiendeshwa na Waingereza tangu 1895, na kulikuwa na watu waliotaka ubaki peke yake au urudi Zanzibar kabla ya makubaliano ya Oktoba 1963 kuuingiza Kenya. Mtu akitaka Mwambao huru, aanze na bomba la maji. Tangu miaka ya 1950 Mombasa imekuwa ikipata maji kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, nje kabisa ya ukanda huo. Halafu kuna Kilindini: bandari inalishwa na reli inayokwenda Nairobi na Uganda, na reli hiyo ilikuwa ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Basi mkataba wa kwanza wa Mwambao na Kenya unahusu maji, ushuru wa forodha na mabehewa. Mbuni akishaandika mkataba huo, nchi yake imesimama. Akishindwa kuuandika, mpeni muda. Msimpe kiti katika mkutano wa mataifa.

Shirikisho ni gumu zaidi, kwa sababu linaonekana rahisi. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha, na halikuundwa. Dunia inayolitimiza inarithi reli, bandari, posta na shilingi ya pamoja, vitu vyote vilivyokuwepo. Kazi inaanzia kwenye bunge.

Hapo ndipo makosa ya hesabu yanapoingia. Mbuni huchukua sensa: Tanganyika watu milioni 8.8, Kenya 8.6, Uganda 6.5, Zanzibar 0.3. Kwa kiti kimoja kila watu 100,000 anapata viti 88, 86, 65 na 3. Yanaonekana safi, lakini sensa ya Tanganyika ni ya 1957, ya Zanzibar 1958, ya Uganda 1959 na ya Kenya 1962. Zileteni zote mwaka mmoja kwanza. Mkikubaliana ongezeko la 2.5% kwa mwaka hadi 1962, Tanganyika inafika karibu milioni 10 na Uganda 7. Viti vinakuwa 100, 86, 70 na 3. Tanganyika ilikuwa imepunjwa viti 12, na katika bunge la vyama vilivyokaribiana hicho ni chanzo cha serikali kuanguka.

Viti 3 vya Zanzibar katika 259 pia si jambo la kupita haraka. Hakuna kiongozi wa Unguja, wa chama chochote, ambaye angetia saini. Wabunieni baraza la pili lenye viti sawa kwa kila nchi, au kima cha chini cha viti, na mwandike nani alilidai na alitoa nini ili alipate. Sura nzuri kuliko zote katika dunia za namna hii hutoka kwenye majadiliano hayo.

Kura zipandishwe kutoka jimboni

Kosa kubwa katika chaguzi za kubuni ni kuanza na mshindi, kumpa asilimia ya kupendeza, kisha kugawa viti ili vifanane nayo. Uchaguzi halisi hauendi hivyo. Julai 1963 Zanzibar ilipiga kura halali 160,644. ASP ilipata 87,085, sawa na 54.2%, ikaambulia viti 13 kati ya 31. ZNP kwa kura 47,950 ilipata 12, na ZPPP kwa 25,609 ikapata 6. Wenye kura chache wakaunda serikali kwa viti 18, kwa sababu kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na washirika wawili waliachiana majimbo. Anayeanza na asilimia hawezi kamwe kuzalisha matokeo kama haya, na historia iligeukia hapo.

Fungueni lahajedwali, kila jimbo mstari mmoja. Safu ni hizi: walioandikishwa, waliojitokeza, kura zilizoharibika, kura halali, kisha safu moja kwa kila mgombea. Anzeni na asilimia ya msingi ya chama katika jimbo hilo kutoka uchaguzi uliopita. Ongezeni au punguzeni upepo wa nchi nzima, yaani asilimia ambazo chama kimepanda au kushuka kila mahali, ambao kikundi kimekubaliana. Kisha rusheni dadu mbili, jumlisheni, toeni 7. Mnapata namba kati ya −5 na +5, ambayo mara nyingi itakuwa karibu na sifuri. Hiyo ni hali ya jimbo lenyewe: mgombea anayependwa, daraja lililoahidiwa, mvua siku ya kura.

Mfano wa zoezi: jimbo lina walioandikishwa 8,400. Wanajitokeza 81%, ni watu 6,804. Zinaharibika 2%, ni kura 136. Zinabaki halali 6,668. Chama kilikuwa na 46%, upepo ni +3, dadu zinatoa 4 na 1, yaani 5 toa 7, sawa na −2. Kinapata 47%, kura 3,134, na mpinzani pekee anapata 3,534. Jumlisheni tena mara ya pili: 6,668. Msiruke hatua hiyo. Jumla isiyolingana ndiyo huonwa na msomaji wa kwanza, na akishaiona haamini kitu kingine.

Msibuni kura za jimbo kwa kichwa. Mkono wa mtu hupenda tarakimu fulani na huogopa kurudia, na ukiyapanga pamoja majimbo 30 yaliyobuniwa kwa kichwa utaona hakuna aliyeshinda kwa kura chini ya 50. Chake Chake inatukumbusha kwamba hutokea. Kagueni pia idadi ya kura dhidi ya sensa. Zanzibar ya 1958 ilikuwa na watu 299,111, na miaka mitano baadaye zikapigwa kura halali zaidi ya 160,000. Watu wazima walijitokeza karibu wote. Mwamko ule ulikuwa wa Zanzibar wa miaka ile. Ukiupandikiza katika wilaya ya wafugaji yenye kituo kimoja cha kura kwa mwendo wa siku nzima, umeharibu.

Mfumo wa kura ni uamuzi wa kisiasa

Chukueni kura zile zile za 1963 mzigawe kwa uwiano. Gawanyeni kura za kila chama kwa 5,000 mkiacha sehemu zinazobaki: ASP 17, ZNP 9, ZPPP 5, jumla 31. Serikali inabadilika mikono bila mpiga kura hata mmoja kubadili nia. Lakini msiishie hapo. Chini ya uwiano ZNP na ZPPP hawana sababu ya kuachiana majimbo, kila kimoja kitasimama kila mahali, na vyama vidogo vitazaliwa. Mkibadili mfumo, rudieni pia hesabu ya nani anagombea wapi.

Mifumo ya kuazima ipo mingi na mingine ni ya ajabu kuliko ya kubuni. Tanganyika ya 1958–59 ilikuwa na kura tatu: mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkiiga mfumo huo, kura ni mara tatu ya wapiga kura, na ni rahisi kusahau. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, ila majimbo 58 yalipita bila kupingwa, hivyo asilimia ya nchi nzima inatoka katika majimbo 13 tu. Isiwe asilimia ya msingi ya uchaguzi unaofuata. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, na baadhi ya mawaziri walianguka. Kwa hiyo anayesema chama kimoja hakina uchaguzi wa kubuni amekosa utamu: jembe lilipendwa na wakulima, na ugawaji wa alama wenyewe ni hadithi. Kenya ya 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, ilipanga watu foleni nyuma ya mgombea, mlolongo, ambapo jirani anakuona umesimama wapi. Huko dadu hazifai peke yake. Andikeni kwanza nani anaogopwa kijijini.

Kuishi pamoja ndani ya dunia moja

Kila nchi iwe na mlezi mmoja, mwanakikundi anayeisimamia, na msaidizi mmoja. Mpaka haubadiliki bila walezi wa pande zote mbili kuandika ndiyo. Pendekezo likae siku 7 wazi, kisha liingie daftari kuu na tarehe yake. Mlezi asiyeonekana siku 30, msaidizi anaichukua nchi, na akirudi anakuwa msaidizi. Kwa uchaguzi, kanuni ni moja na msiilegeze hata kwa rafiki: asilimia za msingi, upepo na mfumo vitangazwe kabla dadu hazijarushwa, na anayerusha asiwe mlezi wa nchi inayopiga kura. Mlezi anapenda nchi yake, na ni vizuri aipende. Ndiyo maana asiishike dadu.

Wanasiasa baada ya njia panda wabunieni. Viongozi wanaojulikana wabaki katika miaka michache ya mwanzo na wafanye mambo yanayofanana na msimamo wao wa wazi. Majina ya kubuni yafuate mahali: mgombea wa Wete wa 1965 haitwi kama wa Kisumu, na watu wa Pemba wataiona kasoro kabla hujamaliza aya. Msitumie majina ya koo halisi kwa wahalifu wenu.

Na kuhusu vifo. Katika dunia inayoanzia kura moja ya Chake Chake, wale 68 wa Juni 1961 hawafi katika ghasia zile, na Mapinduzi ya Januari 1964 yanaweza yasiwepo au yakaja kwa sura nyingine. Wapo wasomaji waliopoteza baba na bibi katika siku hizo, kila upande. Anayetaka kuandika umwagaji damu aeleze kwa kikundi kwanza unatokana na nini na unaishia wapi, na idadi ya waliokufa isirushiwe dadu kamwe.

Matokeo yakishatangazwa kosa likaonekana, msifute. Acheni namba ya zamani ikiwa imekatwa mstari, wekeni mpya pembeni, tarehe, na jina la aliyegundua. Kosa likibadili mshindi wa jimbo, mpeni mlezi siku tatu achague: kurekebisha, au kuliacha kosa liwe la msimamizi wa uchaguzi ndani ya dunia yenyewe na kulifungulia kesi mahakamani.