Udongo wa Mrima kwenye kuta za nyumba: majibu ya maabara yasomwe vipi?

Swali: Ninaishi karibu na Kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, na nimekusudia kujenga nyumba ya kukandika kwa udongo wa shambani kwangu. Maabara ilikaa na sampuli zaidi ya mwezi, kisha ikanipa majibu haya ya vitu vyenye mionzi, kwa bekereli (kizio cha kupimia mionzi): radiamu bekereli 40 kwa kilo, thoriamu 500, potasiamu 250. Je, ucheleweshaji huo umeharibu kipimo, na udongo huu una madhara?

Jibu: Ndugu msomaji, kungoja huko ndiko kunakokifanya kipimo kiaminike. Udongo unapokaushwa, kusagwa na kuchekechwa, gesi ya radoni iliyomo, inayozaliwa na radiamu, hutoroka, na radiamu kwa kawaida hukadiriwa kwa miale ya gama ya risasi-214 na bismathi-214 zinazotokana na gesi hiyo; kwa hiyo chombo hufungwa kisipitishe hewa kwa takriban wiki 4, hadi radoni irudi kulingana na radiamu.

La kuangaliwa hapa ni thoriamu. Wastani wa dunia ni kati ya 30 na 45, nawe una 500, jambo lisiloshangaza kwa kilima kinachojulikana kwa miamba yenye thoriamu na madini adimu. Zidisha thoriamu kwa 1.43 na potasiamu kwa 0.077, ujumlishe na radiamu, ili mionzi ya vyote vitatu iwe namba moja: utapata kama 774, ilhali kikomo kinachotumika kwa vifaa vya ujenzi ni 370. Kwa kuta za nyumba, tafuta udongo mwingine.

Kulima ni jambo tofauti. Ukikaa juu ya udongo huo karibu saa 5 kila siku, kwa mwaka miale yake itakupa takriban milisiveti 0.4 (kizio cha mionzi inayopokewa na mwili), wakati vyanzo vyote vya asili vya mionzi humpa mwanadamu wastani wa 2.4. Kwa hesabu hiyo nisingemwambia mtu ahame shamba lake.

Ukuta, hata hivyo, humzunguka aliyelala, tena hutoa thoroni, gesi ya thoriamu, ambayo nusu yake huoza kabla dakika haijaisha; ndiyo maana huwa nyingi kabisa karibu na ukuta, pale hasa kinapoegemezwa kitanda. Mazao ya gesi hizi yakivutwa hubaki mapafuni na kuongeza hatari ya saratani. Mwenye nyumba ya namna hiyo tayari apige plasta ya saruji, azibe nyufa, asogeze kitanda na kuruhusu hewa ipite. Akiomba kupimiwa, adai kifaa kinachotenganisha thoroni na radoni, kwa kuwa vifaa vingi vya radoni havikuundwa kuipima thoroni.