Daktari Anajibu: Barakoa ya CPAP Inanishinda, Nifanyeje?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na umri wangu ni miaka 54. Kwa muda mrefu mke wangu amekuwa akilalamika kwamba nakoroma, kisha napitiwa na kimya, kisha nashtuka nikihema kwa nguvu. Mama yangu akasema ni jinamizi linanikaba. Mchana nilikuwa nasinzia hata nikiwa nimesimama kwenye mizani. Baada ya kupimwa usingizi niliambiwa kwamba pumzi yangu hukatika au kupungua mara 38 kwa saa, nikapewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kupitia barakoa usiku. Sasa ndiyo silali kabisa. Nikivaa barakoa nahisi nakosa hewa, upepo unanipuliza machoni, kinywa kinakauka, na alfajiri naikuta barakoa sakafuni bila kujua niliivua saa ngapi. Tangu nianze sijawahi kupitisha saa tatu nayo. Je, mwili wangu umeikataa?
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, mwili wako haujaikataa. Karibu kila jambo ulilolitaja lina sababu yake ya kiufundi, na sababu hizo hurekebishika, ila hazirekebishwi zote kwa usiku mmoja wala kwa kukaza moyo peke yake.

Tuanze na hiyo namba. Pumzi inapokoma au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi ndipo tunapolihesabu tukio moja, na mtu anayepata matukio zaidi ya 30 kwa saa huwekwa katika kundi la wenye tatizo kali la kukatika pumzi usingizini. Mama yako hakukosea kuona kwamba kuna kukabwa. Kinachokukaba ni koo lako mwenyewe, ambalo misuli yake hulegea usingizini hadi ulimi na kaakaa laini vikaziba njia ya hewa. Oksijeni ikishuka, ubongo hukuamsha kidogo ili uvute pumzi, kisha unarudi usingizini bila kukumbuka lolote, na mchezo huo hurudiwa usiku kucha. Hapo ndipo kusinzia kwenye mizani kunakotoka, na ndiyo maana wengi wenye tatizo hili huwa pia na shinikizo la damu, ambalo kwa baadhi yao halishuki vizuri kwa dawa.

Mashine yako haikupumulii, wala haitoi oksijeni, ingawa majirani wakiona mpira umefika puani hudhani mgonjwa yuko mahututi. Inachukua hewa ya chumbani mwako, inaichuja, na kuisukuma kwa nguvu ndogo ya kutosha kulizuia koo lisijifunge. Aliyeibuni ni Profesa Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ambaye pamoja na wenzake alichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1981. Wagonjwa wale wa mwanzo walikuwa wakigandishiwa barakoa usoni kwa gundi. Nalitaja hilo ili ujue kwamba kifaa ulichonacho leo kimepunguziwa adha nyingi, na kwamba usumbufu uliobaki si ajabu kwa mtu mgeni.

Hisia ya kukosa hewa ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, na kosa kubwa ni kujaribu kuizoea usiku, wakati umechoka na umeshaanza kukasirika. Izoee mchana au jioni ukiwa macho. Kaa sebuleni wakati wa taarifa ya habari, washa mashine, ishike barakoa puani kwa mkono bila kufunga mikanda, upumue kwa pua huku umefunga mdomo, na uiondoe wakati wowote unapotaka. Ukishaona kwamba unaweza kuitoa, hofu hupungua yenyewe. Siku nyingine funga mikanda; siku nyingine jilaze nayo bila nia ya kulala. Wako wanaomaliza hatua hizi kwa siku chache, wako wanaohitaji wiki kadhaa, na sioni sababu ya yeyote kati yao kuona haya.

Kuna jambo jingine hapo ambalo wahudumu husahau kulieleza. Msukumo wa hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine hizi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Nyingi zina utaratibu wa kuanza chini, mara nyingi 4, kisha kupanda polepole wakati unatafuta usingizi. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa, 4 inaweza kuwa ndogo mno, hivyo anahisi anavuta hewa kupitia tundu dogo, akadhani barakoa inamziba pumzi. Mwombe aliyekupa mashine aangalie kama inafaa uanzie juu kidogo. Ikiwa taabu yako ni wakati wa kutoa pumzi, mashine nyingi zina mpangilio wa kulegeza msukumo katika sehemu hiyo, nao pia aukague. Usifungue mipangilio ya ndani mwenyewe kwa maelekezo ya rafiki, hata kama rafiki huyo ana mashine ya aina hiyohiyo.

Hewa inayopuliza machoni maana yake barakoa inavujisha upande wa juu wa pua. Watu hukimbilia kukaza mikanda, na hilo huzidisha uvujaji kwa sababu mpira laini wa barakoa unahitaji nafasi ya kujaa hewa ili uikumbatie ngozi. Legeza mikanda yote, lala chali, washa mashine, inua barakoa kidogo kutoka usoni ili mpira ujae, irudishe, kisha kaza pande zote mbili kwa usawa mpaka mvujo ukome, usiendelee zaidi ya hapo. Fanya hivyo ukiwa umelala, maana uso wa mtu aliyelala si sawa na wa aliyekaa. Nyoa ndevu zinazopita chini ya ukingo wa barakoa, na uoshe uso kwa sabuni kabla ya kulala: mafuta ya mgando tunayopaka jioni huitelezesha barakoa na kuuharibu mpira wake. Ukiyafanya haya yote na mvujo ukabaki, basi saizi au umbo halikufai, nawe una haki ya kuomba ujaribu nyingine.

Kinywa kukauka hutokana na mdomo unaofunguka usiku, na mdomo mara nyingi hufunguka kwa sababu pua imeziba. Kwa hiyo tibu pua kwanza. Kuisafisha kwa maji ya chumvi ya dukani kabla ya kulala huwasaidia wengi. Lakini yale matone ya kuzibua pua haraka yasitumiwe zaidi ya siku chache mfululizo, kwa kuwa pua huyazoea na kuziba zaidi ya awali. Pandisha kidogo unyevu kwenye mashine. Ikishindikana, iko barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja.

Kuivua barakoa usingizini ni jambo la kawaida kwa wanaoanza, na mara nyingi huisha mvujo na ukavu ukishashughulikiwa. Ukizinduka na kuikuta sakafuni, ivae tena, hata kama imebaki saa moja kabla ya adhana ya alfajiri. Nasisitiza hili kwa sababu ya saa zako tatu. Pengine umesikia kwamba saa nne kwa usiku zinatosha. Kipimo hicho kilienea kutokana na masharti ya malipo ya bima huko Marekani, nacho ni kiwango cha chini, hakikuwekwa kuwa lengo la tiba. Usingizi wa ndoto, ambao ndani yake misuli hulegea kuliko wakati mwingine wowote, hujikusanya zaidi katika saa za mwisho za usiku. Anayevaa barakoa saa tatu za mwanzo kisha akaivua anaiacha sehemu ambayo kwa wagonjwa wengi ndiyo mbaya zaidi bila ulinzi. Ukilala kidogo mchana baada ya soko, ivae pia.

Mashine huhifadhi kumbukumbu ya saa ulizoitumia, kiasi cha mvujo na matukio yaliyobaki, na kwa wagonjwa wengi lengo ni kuyashusha matukio hayo hadi chini ya matano kwa saa. Rudi kwa daktari na kumbukumbu hiyo mapema, usingoje tarehe ya miezi mitatu. Hadi hapo usinywe pombe wala dawa za usingizi usiku, kwani huzidisha kulegea kwa koo, na tafadhali sana usiendeshe gari la mzigo kwenda Shinyanga ukiwa bado unasinzia.

SWALI: Daktari, mimi nimesuka rasta, mikanda ya barakoa inateleza usiku kucha, na asubuhi naenda kazini nikiwa na michirizi mashavuni. Wenzangu wameanza kuuliza.
Mama wa Buhongwa

JIBU: Mama, vaa kitambaa cha satini au kofia nyepesi ya kulalia, kisha mikanda ipite juu yake, na ule wa nyuma ukae chini ya fundo la nywele badala ya juu yake. Michirizi inayofutika baada ya saa moja hivi haina madhara. Vishe mikanda vifuniko vya pamba na uilegeze kidogo. Kidonda juu ya pua ni habari nyingine: usikivumilie wala usikipake mafuta chini ya barakoa, omba barakoa ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, ambayo haigusi mfupa wa pua.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba mdogo anayeishi Uingereza amesema atamtumia mama yangu, wa Nyegezi, mashine ya CPAP iliyokwisha tumika. Mama anakoroma sana na ana presha, lakini hajawahi kupimwa usingizi. Anaweza kuanza kuitumia tukisubiri kipimo?
Binti, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mshukuru baba mdogo, lakini mama asianze. Si kila anayekoroma hukatika pumzi, na wako wanaokatika pumzi kwa sababu nyingine kabisa, kama vile ubongo kuchelewa kutoa amri ya kupumua, jambo linaloonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mashine hizi nazo zinafanana kwa nje huku zikifanya kazi tofauti, na hiyo itakuja na msukumo uliopangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Aanze kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa kama Bugando, ambaye atamweleza mahali pa kupimwa. Nenda naye wewe mwenyewe au yeyote anayelala chumba kimoja naye, kwa kuwa mkoromaji hawezi kuyasimulia asiyoyaona. Shingo yenye mzunguko wa zaidi ya sentimita 40, uchovu wa mchana na hiyo presha ni mambo ambayo daktari atayatilia uzito.

Mashine ikifika, andikeni aina na namba yake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kuziondoa mashine nyingi sokoni, kwa sababu sifongo la kupunguza kelele ndani yake liliweza kuchakaa na kupeleka chembe na gesi kwenye njia ya hewa. Mitumba ya namna hiyo bado inazunguka. Barakoa, mpira na kichujio viwe vipya kwa hali yoyote ile.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu hapa Nansio, Ukerewe. Mashine yangu inafanya kazi vizuri, lakini umeme hukatika usiku na ninaogopa nitakosa hewa. Pia naomba kujua kama maji ya ziwa yaliyochemshwa yanafaa kwenye tangi lake, na nifanyeje kuhusu chandarua.
Mwalimu, Nansio

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umeme ukikatika hutakosa hewa. Barakoa ya puani inakuachia mdomo, na ile inayofunika mdomo ina kilango kinachofunguka chenyewe mashine inapozimika ili uvute hewa ya chumbani. Wengi huamka tu. Kitakachokudhuru ni kuziba vile vitundu vidogo vya barakoa kwa plasta kwa sababu vinapiga kelele. Ndivyo vinavyoitoa hewa uliyokwisha kuipumua.

Kama una sola, mashine inaweza kuendeshwa kwa betri, mradi utumie kigeuzi kilichotengenezwa kwa mashine ya aina yako, kwani nyingine hutaka volti 12 na nyingine 24. Zima kipasha joto cha tangi na cha mpira, maana hivyo ndivyo vinavyomaliza betri upesi. Betri ya sola hufaa kuliko ya gari, ambayo haikuundwa kutumika hadi karibu iishe. Umeme wa TANESCO unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza kifaa, kwa hiyo kichomeke kupitia kile kilinzi tunachotumia kwenye friji.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini madini hubaki na kujenga ukoko ndani ya tangi. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena bila madini. Hapa niseme wazi, kwa sababu nimeshaulizwa: usinunue chupa ya maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, kwani baadhi ya chupa zinazoitwa hivyo zina asidi, na asidi hiyo utaivuta hadi mapafuni. Ukikwama kabisa, yale ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa yatumike usiku huo, kisha safisha tangi kwa siki iliyozimuliwa na ulisuuze vizuri. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, na uoshe mpira laini wa barakoa kwa sabuni isiyo kali.

Chandarua usikiache hata kidogo. Weka mashine juu ya kigoda nje ya chandarua, chini ya usawa wa kichwa chako ili maji yanayojikusanya ndani ya mpira yasitiririkie usoni, pitisha mpira upande wa kichwani, na uchomekee chandarua chini ya godoro kuuzunguka. Kitambaa kisigandame kwenye tundu linalovuta hewa. Kikague kichujio kila wiki, na katika majira yale ambapo vidudu vya ziwani huja kwa mawingu na kujaa kwenye taa, kikague kila siku.

Ukisafiri kwenda Mwanza, toa tangi na ulimwage kabla hujaiweka mashine kwenye begi, kwa sababu kivuko kikiyumba maji hayo huingia kwenye mota, na mota ikilowa haina fundi wa karibu.