Muulize Anko: Gari likishapakiwa, imekula kwako

Anko shikamoo. Bibi yetu alifariki na nyumba aliyokuwa amepanga inatakiwa irudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Vitu ni vingi mno, bibi alikuwa hatupi hata kopo. Wajomba wanataka tuite gari libebe vyote siku moja yaishe. Kampuni tuliyoipata imeandika kwenye tangazo kwamba inarejeleza kila kitu, asilimia 100. Niwaamini? – Mjukuu Mkubwa

Marahaba mjukuu, na poleni sana kwa msiba.

Huyo aliyeandika asilimia 100 ama hajawahi kutoa vitu vyote kwenye nyumba ya mtu ama anadhani wewe ndo hujawahi. Kila nyumba ina vitu ambavyo havina pa kwenda, godoro lililolowa, mbao za kubandikwa zilizovimba kwa maji, zulia lililoshikana na gundi ya sakafuni. Hata kioo sio kioo tu, cha kabati la kujitazamia kina dawa nyuma, na bakuli la kuingia kwenye oveni haliyeyuki kwenye moto ule ule wa chupa kwahiyo ukilitupia kwenye chupa unawaharibia wenzio mzigo mzima. Kampuni inayosema ukweli itakwambia hiki tunauza, hiki tunapeleka kwa fundi, hiki kinaenda dampo na samahani.

Mi kabla sijakalia kiti hiki cha kujibu maswali nilibeba mizigo ya watu, na kuna siku siisahau. Tulipakia nyumba nzima kwa haraka, mvua inakuja, bosi anapiga kelele, na juu kabisa tukarusha ndoo ya rangi ya mafuta ambayo kila mmoja alijua imekauka. Haikuwa imekauka. Ile ngozi ya juu ndo ilikuwa ngumu, chini rangi mbichi kabisa, tulipofika tukafungua mlango wa gari tukakuta imeshuka kwenye masanduku mawili ya vitabu, ikapita kwenye mapazia, ikaingia kwenye kochi ambalo lilikuwa na mtu wa kulichukua tayari. Asubuhi vilikuwa vitu, mchana ni taka. Na hakuna mashine duniani ya kuvitenganisha tena.

Kwahiyo swali la wapi wanapeleka ni zuri lakini lile la kwanza ni wanachambua saa ngapi. Wakisema tutachambua huko huko yadi, ujue mara nyingi hakuna kuchambua, kazi hiyo inafanyikia ndani ya nyumba kabla kitu hakijavuka mlango. Waulize wanakuja na magunia mangapi tofauti, na kama kule wanakopeleka wanapewa karatasi ya mizani, maana mzigo uliofika kweli kwa mnunuzi wa chuma unapimwa na unaandikiwa. Na wajomba waambie wakupe siku mbili kabla ya gari, siku moja ya nguo, vitabu na vyombo, siku ya pili ya vile vya hatari, yaani rangi, dawa za wadudu, dawa za hospitali, taa za mirija (zina zebaki kidogo ndani, ni sumu, msizivunje ili zienee kwenye gunia) na mitungi ya gesi. Dawa za bibi msizimwage chooni, ulizeni duka la dawa kama wanapokea.

Alafu kuna ile droo. Kila nyumba inayo, ya betri, funguo na visarafu. Betri ya mraba ile ya volti 9 ina ncha zote mbili upande mmoja, ikigusana na sarafu au stilwulu inapata moto, sikutishi, inawaka kweli. Bandika selotepu kwenye ncha. Na betri za simu zilizovimba zisiingie kwenye gari kabisa pamoja na mzigo, zikibanwa tu zinalipuka moto na maji hayauzimi kirahisi. Hizo zinabebwa peke yake kwenye kopo lenye mchanga.

Anko, mi nina kigari na vijana wawili, ndo kazi yetu kutoa vitu majumbani. Wateja wote wanataka bei ya chini na kazi iishe haraka. Sasa hayo mambo ya kuchambua yanalipa kweli au ni maneno ya semina? – Mzee wa Kigari

Yanalipa, ila sio kwenye kila kitu na nisikudanganye. Nguo nyingi zitakulipa kidogo sana. Chuma kitakulipa kwa wingi wake. Penye hela ni pale ambapo watu wengi wanachanganya. Beba sumaku mfukoni. Ikishika ni chuma, isiposhika simama kwanza, hiyo inaweza kuwa aluminiamu au shaba, na mnunuzi akikuta umevichanganya na chuma atakupimia vyote kwa bei ya chuma huku anacheka moyoni. Aluminiamu wanaitaka kwa sababu kuiyeyusha upya kunakula kama asilimia 5 tu ya umeme na moto unaohitajika kuitoa kwenye udongo wake, sio kwa sababu wanakupenda. Makochi na makabati ng'oa bawaba na skrubu kwa bisibisi, usipige nyundo, kabati lililofunguliwa vizuri linauzwa kama kabati.

Kitu kimoja nakukataza kama mdogo wangu: msichome nyaya ili mpate shaba. Ile plastiki ya juu ikiungua inatoa moshi wenye daiyoksini, sumu kali, na kuna vijana wanauvuta kila siku kwa ajili ya kilo mbili. Menya kwa kisu au uza na ganda lake. Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yao ya 2024 walisema dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme mwaka 2022 na ambavyo kuna rekodi kwamba vilikusanywa na kurejelezwa vizuri havifiki robo, kwahiyo kazi ipo, tena nyingi, kwa atakayeifanya kistaarabu.

Na upakiaji: vizito na vya chuma chini mbele, vya kugawa mwisho kabisa karibu na mlango, vya majimaji visimame wima na visipande juu ya chochote. Ningejua hilo siku ile ya rangi.

Shikamoo Anko. Friji la mama limekufa, kuna kijana anasema atalichukua bure anataka ile mota ya nyuma tu. Nimpe? Na TV ya chogo je? – Binti wa Mwisho

Marahaba. Muulize anaitoaje hiyo mota. Akikwambia anakata bomba, usimpe. Bomba likikatwa gesi yote inatoka hewani, na ile R-134a ambayo mafriji mengi yanayo, kilo moja inapasha dunia joto kama zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Yale ya zamani zaidi yana gesi za kula tabaka la ozoni, ambazo ndo zilisababisha nchi kukaa Montreal mwaka 1987 wakasaini mkataba wa kuziondoa. Mengi mapya yana R-600a, hiyo haina madhara makubwa angani ila inawaka kama gesi ya kiberiti, kwahiyo kukata bomba karibu na sigara ni kujitafutia. Angalia kistika nyuma karibu na mota, jina la gesi limeandikwa. Fundi wa kweli anakuja na mashine ya kuivuta na chupa yake. Mpaka atakapofika toa mlango wa friji kabisa, watoto wanajificha humo na mlango unaweza kuwagomea kwa ndani.

TV ya chogo msiipasue, kioo chake kina madini ya risasi, yana sumu, tena sio gramu chache. Peleka nzima.

Godoro la bibi nimeshazunguka nalo, hakuna anayelitaka. – Mjukuu Mkubwa tena

Nilijua utarudi. Kama ni la springi na ni kavu, lipasue kwa kisu pembeni, springi zinaenda kwa watu wa chuma, kitambaa na sponji kama havina ukungu vinafaa kujazia viti na matandiko ya mbwa. Likiwa limelowa ndo basi, liache liende dampo. Ila kabla hujapasua papasa mishono ya upande wa ukutani polepole kwa vidole, wazee wanaficha hela humo, na mi nimeshakuta zaidi ya mara moja.