Yule mtoto ni wa nani? Kwa mnaotaka kuchambua tamthilia

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa Fuoni, kanambia, "Dada, mie nikitizama tamthilia naona makosa mpaka nyumbani wananifukuza sebuleni, nianzeje kuandika uchambuzi kama wewe?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Mwanangu, mie na wewe ugonjwa wetu mmoja, na najua wengi mnaosoma hapa ndo hivohivo, mnaomba siku moja muongozaji akuiteni mkae nae mumwambie hapa pamevuja. Basi mie nimeitwa mwezi uliopita, ntafika huko, ila kwanza nikuhadithieni nilivyoaibika.

Ilikuwa tamthilia ya kwetu, jina nalihifadhi. Mama wa watu kafiwa na mumewe, vilio, khitma, mara mwanamke yuleyule katiwa hina anaolewa. Nikahesabu kwa vidole, miezi miwili na kidogo. Nikasema leo nimewapata. Nikaandika posti ndefu mpaka simu ikabaki asilimia tatu, kwamba waandishi hawajui hata eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, kwamba mtoto wa chuo anajua, kwamba wametudharau watazamaji wa Kizanzibari, na mengine siwezi kuyarudia hapa. Laiki nilizopata siku ile sijapata tena.

Siku ya pili mwanamke mmoja wa Wete akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Samahani dada, yule mtoto mchanga aliyebebwa na shangazi mtu pale harusini ni wa nani?"

Nikarudi kutizama. Kichanga kipo, kimeviringishwa kwenye kanga, kinaonekana sekunde tatu nne nyuma ya bi harusi, mie nilidhani cha jirani. Kumbe yule mama alibaki na mimba, akajifungua kwenye kipande nilichokikosa kwa sababu tukuza, umeme wa kununua, ilituishia usiku ule na maduka yashafungwa, na mjane mwenye mimba eda yake inaisha akizaa. Kitu nimesomeshwa mdogo, kwa bakora! Mke wa ustadhi wangu akanipigia, hakunisema hata neno, alicheka tu, na kile kicheko mpaka leo nakisikia. Na kuna jamaa aliipiga skrinshoti ile posti, kila nikiandika kitu anaibandika chini kimyakimya, miaka mitano sasa. Kaka yangu kama unasoma, nshakubali, wallahi pumzika.

Basi ushauri wa kwanza ndo huo, tizama mara mbili. Kipande kilichokupita kitafute kabla hujafungua mdomo.

Pili daftari. Mie nimelichora mistari, huku jina la mhusika, huku siri anayoijua, huku kaijua kipande cha ngapi na kaambiwa na nani. Makosa mengi ya mantiki yamejificha hapohapo, mtu anamtuhumu mwenziwe kwa siri ambayo hakuna aliyemwambia, wewe mtizamaji ndo unaijua basi mwandishi kasahau kwamba yule hajui. Na siku nazihesabu hukohuko, mimba ya kipande cha nne isizaliwe cha saba wakati Ramadhani ni ileile.

Halafu jamani tutenganishe makosa. Kuna tamthilia wapenzi wanagombana ufukweni, mwanamke maji yamemfika magotini, kamera inamgeukia mwanamme, nyuma yake ngalawa imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, bahari iko kuleee. Ugomvi wa dakika mbili, maji yamekupwa! Sie wa pwani tunajua kutoka kujaa mpaka kukupwa ni kama saa sita, maana yake walishuti asubuhi wakaja kumalizia jioni. Hilo ni kosa la kuunganisha, linachekesha, lakini hadithi haijafa. Usiliandikie aya kumi ukaacha kosa lenyewe. Na hizi za Kituruki tunazowekewa Kiswahili, kwao kipande kimoja kinapita saa mbili, huku kinakatwakatwa, kwa hiyo ukiona kimeishia njiani usimlaumu mwandishi, na ukisikia neno halikai rudi utizame tena, pengine ni la mfasiri.

Kosa linalouma ni mtu kubadilika tabia bila kuguswa na kitu. Hapa ndo nije kwenye kuitwa kwangu, na nitajisifu kidogo mnivumilie.

Vijana wa Pemba walinitumia skripti yao. Ndani yake kuna mzee ana mikarafuu, bahili, na wamemuandika vizuri mpaka nikamuona. Karafuu zimeanikwa uani, yeye kachutama anaokota mojamoja zilizoruka nje ya jamvi, anazipuliza mchanga, anazirudisha, mjukuu akikanyaga ukingo wa jamvi anapigwa kelele. Kipande cha tisa anakuja mgeni asiyemjua, mzee anamkopesha laki nane, hakuna shahidi, hakuna karatasi. Nikawauliza kwa nini? Wakanambia, "Dada, hadithi inataka afilisike aende mjini." Nikawaambia hadithi haitaki kitu, mnaotaka ni nyie, mzee mshamuumba bahili na bahili hakopeshi.

Tukakaa siku nzima, chai ya tangawizi birika mbili. Mwisho nikawaambia ubahili uleule ndo umtie shimoni. Karafuu kisheria mnunuzi ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, sasa mgeni aje amnong'oneze kwamba anavusha magendo Mombasa na bei yake iko juu, ila anataka laki nane ya chombo kwanza. Na karatasi nani ataandika kwenye magendo? Mzee anatoa pesa kwa tamaa, sio kwa huruma, na akishaibiwa hawezi hata kwenda polisi kwa sababu atasema nini. Yule kijana muandishi alinyamaza, akafuta kurasa tatu palepale mbele yangu. Jina langu litatokea mwishoni, kwa herufi ndogo lakini litatokea, na skrinshoti yake nitaipiga mwenyewe.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alishasema zaidi ya miaka 2,300 nyuma, mhusika kama ni kigeugeu basi awe kigeugeu moja kwa moja. Lakini watu wanaona njia ya mkato tamu. Wamarekani kwenye tamthilia yao ya Dallas walimuua mhusika wao Bobby, msimu mzima hayupo, 1986 akatokea bafuni anaoga, kumbe yote yale mpenzi wake Pam alikuwa anaota! Hata mtizamaji ana moyo jamani, mnamlizaje mtu mwaka mzima halafu mnamwambia ilikuwa ndoto, hiyo ni dhuluma, na sie wachambuzi tukinyamaza tunakuwa washirika. Semeni. Ila tizameni mara mbili kwanza, nishasema.

Binti wa Fuoni, andika uchambuzi mmoja unitumie inboksi, usiuposti. Ntakujibu wiki ijayo, Jumamosi hii vijana wanaanza kushuti Pemba na onyesho la kwanza ni la ufukweni, nimewatumia ratiba ya kupwa na kujaa na siku za bamvua nimezipigia mstari mwekundu.