Maswali na Majibu: Lango Moja, Vyumba Vingi

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaojenga malango kwa Java, lugha ya kuandikia programu, hapa Mombasa na jirani (lango ni tovuti moja inayokusanya huduma nyingi), na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa sura mbalimbali: kazi kubwa igawanywe vipi ili isimwelemee mjenzi? Nimechagua sita.

Shikamoo mwalimu. Niko kwa wakala wa forodha karibu na Kilindini. Wateja wanataka kuingia mahali pamoja waone makontena yao yamefika wapi, ankara wanazodaiwa na hati zinazokosekana. Nimeanza kuchora majedwali ya hifadhidata lakini yanazidi kuchanganyika. Nianzie wapi? (Fundi, Changamwe)

Marahaba. Yaweke kando majedwali. Kaa ofisini siku mbili utazame nani anafanya nini. Anayefuatilia hati siye anayetoa ankara, na kinachoibadilisha ankara, yaani bei na kodi, hakihusiani na kinachobadilisha safari ya mzigo. Hapo ndipo pa kukata. Nimeona miradi iliyogawanywa kwa kurasa upande mmoja, mantiki upande wa pili na hifadhidata upande wa tatu. Bei ikibadilika, pande zote tatu zinafumuliwa. Wewe kata kwa kazi za watu: mizigo, ankara, hati.

Kisha fikiria nyumba ya Mji wa Kale. Mgeni huishia barazani, anayeruhusiwa huingia ukumbini, na ndani ni kwa wenyewe. Kila moduli, yaani kila kipande cha programu, iwe hivyo. Baraza lake ni kiolesura kidogo cha Java, yaani orodha ya methodi (kazi zinazoweza kuitwa) tatu au nne. Klasi nyingine (mafungu ya msimbo) na majedwali yake yabaki ndani. Ankara zikitaka kujua kama mzigo umetoka bandarini, ziulize kwenye baraza la mizigo. Siku utakapokuta amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, inayounganisha majedwali ya moduli mbili, jua ukuta umetobolewa, na tundu hilo litapanuka.

Ukuta wenyewe usiwe maelewano ya mdomo. Tangu Java 9, iliyotoka Septemba 2017, kila moduli inaweza kuwa na faili la module-info linalotaja vifurushi (makundi ya klasi) vinavyoonekana nje. Mwingine akigusa kisichotajwa, programu haikusanyiki (compile). Likikuchosha, tumia Maven, zana ya kujengea miradi ya Java: weka kiolesura cha mizigo katika mradi mdogo wa peke yake, na ankara zitegemee huo tu. Vyote vitoke kama faili moja la WAR, furushi la tovuti nzima, ndani ya Tomcat moja, seva inayoendesha tovuti za Java. Msikimbilie huduma ndogondogo zinazoitana kwa mtandao mkiwa waandishi wawili. Wito wa methodi haupotei njiani. Wa mtandao hupotea na huchelewa. Mabaraza yakiwa safi, kuitenga moduli moja baadaye hakutakuwa kubomoa nyumba.

Lango lenyewe lifanye machache: kumtambua mtu, menyu, sura ya kurasa na lugha. Weka chujio kimoja cha sevleti (sevleti ni klasi ya Java inayopokea ombi la kivinjari na kulijibu) kinachokagua kila ombi kabla halijaifikia moduli. Lakini swali la kama mteja huyu anaruhusiwa kuona kontena hili lijibiwe na moduli ya mizigo. Chujio cha mlangoni kinajua wewe ni nani. Hakijui mzigo ni wa nani.

Chuoni tulifundishwa potileti. Kazini naambiwa zimepitwa na wakati. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Tudor)

Wote wawili. Sevleti kwa kawaida hutoa ukurasa mzima. Potileti hutoa kipande tu, bila lebo za html na body, kisha lango hukusanya vipande kuwa ukurasa. Kiwango cha kwanza cha potileti, JSR 168 (JSR ni pendekezo rasmi la kiwango cha Java), kilikamilika mwaka 2003, JSR 286 ikafuata 2008, na JSR 362 mwaka 2017. Mifumo ya malango kama Liferay ilikulia hapo, na ofisi zilizoiweka bado zinahitaji mafundi. Kwa mradi mpya nisingeanza na potileti, maana kazi ya kukusanya vipande siku hizi hufanywa zaidi na kivinjari.

Ila usiitupe elimu hiyo. Potileti zilitenganisha hatua mbili: kitendo, kisha kuchora. Mtumiaji akibonyeza kitufe, kitendo huiendea potileti moja na hufanyika mara moja. Baada ya hapo vipande vya ukurasa hujichora upya. Ichukue kanuni hiyo kwenye sevleti zako. Ombi la POST, la kutuma data, lifanye kazi, kisha limwelekeze mtu kwenye ukurasa wa GET, wa kusoma tu. Akiupakia upya ukurasa, malipo hayarudiwi.

Assalaam aleikum. Nimejenga lango la chama cha akiba na mikopo. Mwanachama ameona salio la mwenzake. Imetokea mara mbili, jioni, watu wengi wanapoingia. Kwenye kompyuta yangu hakuna kasoro. (Dada, Kisauni)

Waaleikum salaam. Dada yangu, uzime ukurasa huo kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Sasa fungua sevleti ya salio utazame juu ya klasi, kabla ya methodi ya kwanza. Nadhani utakuta umetangaza hapo kigeu (mahali pa kuweka thamani) cha mwanachama au cha salio. Tomcat huunda nakala moja tu ya kila sevleti, na maombi yote hupita ndani yake kwa wakati mmoja, kila ombi na uzi wake, yaani njia yake ya utekelezaji. Mwanachama wa kwanza anaweka jina lake kwenye kigeu hicho. Kabla hajajibiwa, wa pili anaweka lake juu. Wa kwanza anapewa salio la wa pili. Kwenye kompyuta yako uko peke yako, ndiyo maana hulioni kosa. Nami niliandika hivyo nilipokuwa naanza, na lilinichukua siku nyingi kuligundua.

Vihamishe vigeu hivyo ndani ya doGet, methodi inayojibu ombi la GET. Kinachohitaji kudumu kwa ombi moja kikae kwenye ombi. Kinachomfuata mtu ukurasa hadi ukurasa kikae kwenye sesheni yake, kumbukumbu ya seva tangu aingie hadi atoke. Kagua hata klasi za Spring, mfumo wa kuundia programu za Java, kwa sababu nazo, usipoagiza vinginevyo, huundwa moja kwa wote. Kama una SimpleDateFormat, klasi ya kuandika tarehe, inayotumiwa na wote, iondoe. Si salama kwa nyuzi nyingi. DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8, ni salama. Ukimaliza, jaribu kwa JMeter, zana ya kuiga watumiaji wengi, na watumiaji hamsini wa pamoja, kila mmoja na akaunti yake, ukilinganisha jina lililoombwa na lililorudi.

Na usilifiche. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uvujaji unaoweza kumdhuru mtu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujulikana. Waambie viongozi wa chama leo. Salio la mtu ni siri yake.

Programu yangu ilikwenda vizuri kwenye Tomcat 9. Nimehamia 10, inasema haizijui klasi za sevleti. (Likoni)

Majina yamebadilika. Java EE, mkusanyiko wa viwango vya Java vya seva, ilipohamia shirika la Eclipse Foundation ikawa Jakarta EE, na toleo la 9 la mwaka 2020 likabadilisha vifurushi kutoka javax.servlet kuwa jakarta.servlet. Tomcat 10 inafuata majina mapya. Badilisha mistari ya import pamoja na maktaba zako, au baki na 9 kwa sasa. Vifurushi kama javax.sql usiviguse, hivyo ni vya Java yenyewe.

Ankara zetu zinatoka kwenye mfumo wa kampuni nyingine. Ukizimika, lango letu lote linakwama, hata kurasa zisizohusika. Kwa nini? (Nyali)

Foleni ya feri ya Likoni ikirefuka humkwamisha hata asiyevuka. Tomcat isipobadilishwa ina nyuzi 200 za kuhudumia maombi. Kila anayefungua ankara anashika uzi mmoja unaosubiri jibu lisilokuja, hadi zote 200 zinaisha, na anayetaka kutazama mzigo tu hapati wa kumpokea. HttpClient ya Java, klasi ya kuuliza seva nyingine, haina kikomo cha kusubiri usipokiweka mwenyewe. Weka viwili: cha kuunganishwa na cha kupata jibu, sekunde tatu au nne. Kisha kivinjari kiombe kila kipande peke yake, ili ankara zikikosekana pale paandikwe kwamba hazipatikani kwa sasa, na mizigo ionekane kama kawaida. Nyuzi pepe (nyepesi, zinazoweza kuwa nyingi sana) za Java 21 hupunguza msongamano huu, lakini miunganisho ya hifadhidata inabaki michache, kwa hiyo vikomo bado vinahitajika.

Wateja wanajaza fomu ndefu, wakirudi wanakuta wametolewa na yote yamepotea. Niongeze muda wa sesheni uwe na urefu wa saa nane? (Mtwapa)

Hapana. Wengi wanatumia kompyuta za saiba, na atakayeketi baada yao atakuta mlango wazi. Acha dakika 30 za kawaida za Tomcat. Igawe fomu kwa hatua, na kila hatua ihifadhiwe kwenye hifadhidata kama rasimu ya mtu huyo mara anapoimaliza. Akitolewa, ataingia tena na kuendelea pale alipoachia, hata akiwa kwenye simu nyingine.