Maswali yenu: Na kamera nyikani, Uingereza, majira ya kuchipua

Tangu nisimulie matembezi yangu ya Aprili kwenye nyika za Dorset na New Forest, kusini mwa Uingereza, mmeniandikia sana. Haya machache nayajibu leo.

Nilimpeleka mke wangu New Forest mwezi wa nne, nikamwahidi zambarau tupu. Tumekuta vichaka vya kahawia kama vimeungua. Tulikosea njia? (Msomaji, Southampton)

Njia hamkukosea, mlikosea mwezi. Zile picha za zambarau ni za Agosti, wakati erika inapochanua nyika nzima. Ni jamaa ya vile vichaka mnavyokutana navyo Kilimanjaro mkishautoka msitu, ila vya huko ni virefu kumpita mtu na vya hapa havifiki kiunoni. Aprili rangi ni njano, ya kichaka cha miiba kiitwacho gosi. Mrudishe mkeo siku ya jua kali kidogo, mwambie asogeze pua kwenye maua. Ni harufu ya nazi. Sitanii. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kutafuta ni nani ameleta mbuzi ya kukunia.

Hayo maua ya njano kwenye picha zangu yanatoka kama doa la rangi, petali hazionekani. Kamera mbovu?

Kamera nzima. Inapima mwanga kwa wastani, na hapo imezungukwa na kahawia iliyofifia, kwa hiyo inadhani kuna giza na kuongeza mwanga. Njano inaungua. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (kipimo cha mwanga kwenye kamera, kwa Kiingereza "stop"), hata hatua nzima. Kwenye simu, gusa ua kwenye kioo kisha teremsha kidole hadi petali zijitokeze. Kingine: usipige ukiwa umesimama. Kila mtu anapiga akiwa amesimama, ndiyo maana picha zote zinafanana. Lala chini saa moja asubuhi, jua likiwa nyuma ya kichaka, uone umande ulivyoshika kwenye miiba na nyuzi za buibui. Mimi hubeba kipande cha turubai, maana miiba ya gosi haina adabu.

Shikamoo mzee wangu. Naogopa nyoka kuliko kitu chochote. Wapo huko?

Marahaba, mwanangu. Wapo. Mwenye sumu ni wa aina moja tu, mdogo wa jamaa ya kifutu, mwenye mchoro wa pembepembe mgongoni. Machi na Aprili hutoka kuota jua asubuhi, na dume akishajivua gamba hung'aa kama fedha mpya. Ukitembea kwa kishindo atakusikia kupitia ardhini na kuondoka. Kuuma huuma akikanyagwa au akishikwa. Vifo ni nadra mno, lakini akikuuma nenda hospitali hapohapo. Ukitaka picha, tumia lenzi ndefu na usiache kivuli chako kimwangukie. Kumuua ni kosa kisheria.

Kwa kweli mimi naogopa zaidi kupe. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague.

Kuna kindege mwenye kichwa cheusi na kifua cha rangi ya chungwa, analia kama mtu anagonganisha kokoto mbili. Nimemfuata nusu saa kichaka hadi kichaka. Nifanyeje nimpate?

Acha kumfuata. Mlio ule si wimbo, anakufukuza, kwa sababu kiota chake kiko karibu na ardhi mahali ulipokuwa unakanyaga. Kaa njiani, nyamaza dakika ishirini. Ana kilele chake anachokipenda na atarudi pale pale. Ndege wengi wa nyika hutaga chini au karibu na chini, ndiyo maana kwenye ardhi iliyo wazi kwa umma mbwa hufungwa kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31. Kuna kindege mwingine wa humo, mwenye mkia mrefu na jicho jekundu, ambaye baridi ya 1962 na 1963 ilimwacha na jozi kama kumi tu Uingereza nzima. Huyo kumsumbua kiotoni kunakufikisha mahakamani.

Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Bournemouth. Mwezi wa tano, jua limezama, nikasikia mlio kama cherehani isiyopumzika. Ni nini, na nampigaje picha gizani?

Huyo ni kirukanjia, ndege wa usiku. Pwani tunamwita pia mpasuasanda, jina ambalo bibi yangu hakupenda litajwe usiku. Na ni jirani yako: waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia walionekana wakikaa kusini mwa Kongo wakati Ulaya ina baridi, kisha hurudi huku Mei kutaga. Picha sahau, na taa ya kamera usithubutu kumwashia. Rekodi sauti kwa simu, uwatumie wa nyumbani.