Jibu: Nyota mbili zawezaje kuzungukana kwa saa chache ndani ya nebula ya sayari?

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli nyota mbili zinaweza kukaribiana hivyo, na kwa nini nebula nyingi za sayari, yaani mawingu ya gesi yaliyotupwa na nyota zinazokufa, si duara. Zinaweza. Tazama nebula iitwayo Abell 63, katika kundinyota la Sagitta. Katikati yake ipo jozi iitwayo UU Sagittae, inayomaliza mzunguko kwa muda wa saa 11 hivi. Miaka ya 1970 ilitambuliwa kuwa ndiyo iliyo katikati ya nebula hiyo; nyota moja huipita nyingine mbele na mwanga hufifia, kama Jua linavyopatwa.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mojawapo ya nyota hizo, ile yenye joto kali zaidi, zamani ilikuwa jitu jekundu, yaani nyota iliyovimba sana, pana kuliko nafasi iliyopo sasa kati ya hizo mbili! Maana yake mwenzake alimezwa. Akiwa ndani ya gesi ile alikuwa akizunguka huku akivutwa na msuguano, akasogea karibu zaidi, na nishati aliyopoteza ikalisukuma lile gamba la gesi nje. Gesi haikutoka sawa pande zote. Ndiyo maana Abell 63 imerefuka kama pipa, na mhimili wake umenyooka pamoja na mhimili wa mzunguko wa nyota hizo.